Sherifu wa Mageti Kumi na Moja

SEHEMU YA SABA

Wengi mmeniuliza kama Protus alinisamehe. Hapana. Hata simu yangu hashiki.

Kwa wewe uliyelifungua gazeti hili leo tu, mambo yalikuwa hivi. Jina langu ni Alfayo, mtu wa Hamisi kule Vihiga, na mwaka wa 2013 nilikuwa Jeddah, mtaa wa Bani Malik, chumba kimoja watu tisa. Ikama nne zikapotea chumbani. Ikama ndiyo kitambulisho cha mgeni kule, na ukikamatwa bila hiyo maelezo utayatoa ukiwa ndani. Mimi nikajifanya mpelelezi. Nikawapanga watu mstari, nikawauliza maswali makali, kisha nikamnyooshea Protus kidole mbele ya wote. Akafukuzwa na godoro lake, akaenda kujisitiri kwa watu Al-Baghdadiyah. Baada ya siku mbili ikama zikapatikana ndani ya mfuko wa unga wa ugali. Mwenzetu Elphas alizificha humo akiogopa wezi, halafu akasahau.

Nilitamani ardhi inimeze. Haikunimeza, ila kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, alinihamishia Riyadh kwa mdogo wake niliyemwita Bosi, mtaa wa Al-Naseem, niwe dereva wa nyumba na mtunza geti. Njia nzima nilijiapiza kwamba kidole changu hakitamnyooshea mtu tena.

Sasa sikia jinsi kiapo chenyewe kilivyoniponyoka.

Mwezi wangu wa kwanza Riyadh, mzungu mmoja wa nyumba ya kona alihama akaacha katoni la vitabu kando ya pipa la taka. Nikalibeba hadi chumbani kwangu pale getini. Vitabu vyote vilikuwa vya mtu mmoja: sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kuchaguliwa kwa kura, wa kaunti ndogo huko Amerika, mnene, mpole, mwenye kofia na pikapu kuukuu. Kaunti yenyewe ina watu wachache kuliko soko la Mbale siku ya soko, lakini kila kitabu wanauawa watatu au wanne. Nikawa najiuliza wapiga kura wake watatoka wapi.

Nilivisoma vyote kumi na vinne. Na kila siku baada ya alasiri, madereva wa mtaa wetu tukiosha magari, niliwahadithia sura moja. Walikuwa wanaosha gari mara mbili ili sura iishe.

Gilbert, dereva wa geti la jirani, mtu wa Nyamira, ndiye aliyenibatiza jina.

"Wewe ndiye Sherifu wetu," alisema. "Kenya sasa ina kaunti arobaini na saba. Hii ya kwetu ina mageti kumi na moja. Inakutosha."

Nakiri jambo jingine hapa. Niliwaambia kwamba nyumbani nilikuwa naibu wa chifu. Uongo mtupu. Nilikuwa nambebea naibu wa chifu kiti akienda barazani.

* * *

Jumatano moja ya mwaka wa 2014, saa tano asubuhi, nilikuwa napangusa kioo cha gari niliposikia Madam, mke wa Bosi, akipiga kelele ndani ya nyumba.

Kelele za Madam nilikuwa nazijua. Kuna za glasi kuvunjika, kuna za wali kuungua. Hizi zilikuwa mpya.

Nusu saa baadaye Bosi alikuwa amerudi kutoka kazini, na sisi sote tumeitwa uani. Sisi sote maana yake ni mimi na Serah.

Serah ndiye aliyekuwa mfanyakazi wa ndani. Mwanamke wa Kitale, miaka mitatu hajaona nyumbani. Kazi yake kubwa ilikuwa kumtunza mama mzazi wa Bosi, bibi wa miaka themanini na kitu, ambaye sisi wafanyakazi tulimwita Mama Kabiri, yaani mama mkubwa. Serah alimwogesha, akampaka mafuta miguu, akalala sakafuni kando ya kitanda chake.

Na Ijumaa, siku mbili tu mbele, Serah alikuwa asafiri. Mkataba umeisha. Tiketi ipo. Ruhusa ya kutoka nchini ipo. Binti yake Ashley alimwacha akiwa na miaka minne, na sasa alikuwa na saba.

"Bangili za Mama hazipo," Bosi akasema. "Zote nane."

Hizo zilikuwa bangili za dhahabu za harusi ya Mama Kabiri, nene kama kidole gumba. Madam alikwenda kuzitoa ili azivae kwenye harusi ya Alhamisi, akakuta kisanduku kitupu.

"Si zote," Madam akadakia. "Moja ninayo."

Akainua mkono. Kwenye mkono mmoja alikuwa na bangili. Kwenye mwingine alikuwa na kitambaa cha mraba, chenye mistari myekundu na myeupe, kimekatwa kwa mkasi.

"Nimeitoa kwenye takataka za jikoni, imefungwa humu," akamwambia mumewe. "Mfuko wa jikoni anaufunga nani? Serah. Anayeupeleka nje kila asubuhi ni nani? Huyu."

Huyu alikuwa mimi.

"Saba zimeshatoka," Madam akaendelea. "Hii ilikuwa ya mwisho."

Serah akamgeukia. "Madam, mimi mafi mwizi, si mwizi kabisa. Miaka mitatu nimeokota pete yako bafuni mara ngapi? Nimekurudishia mara ngapi?"

"Pete ni pete. Sasa unaondoka."

Bosi alikuwa mtu mtaratibu, mwalimu wa sekondari, na hasira yake ilikuwa ya kimyakimya, ndiyo maana niliiogopa. Alitazama saa.

"Naenda msikitini kuswali adhuhuri. Nikirudi, dhahabu iwe hapa. Isipokuwepo, jambo hili litakwenda polisi, na Ijumaa hakuna mtu anayepanda ndege. Halas, nimemaliza."

Madam akamfungia Serah jikoni. Mimi nikaambiwa nisitoke nje ya geti. Bosi akaenda. Kitambaa kikabaki kimetupwa kwenye ngazi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja nacho.

* * *

Wacha niseme ukweli: niliogopa. Polisi wa kwenye vitabu ni watamu, wa kukupigia hodi wewe ni wengine.

Lakini yule sherifu wa Amerika ana tabia moja. Watu wakishamaliza kupiga kelele, yeye hurudi polepole kukitazama kitu ambacho kila mtu amekipita. Kwa hiyo nilikwenda kwenye ngazi nikaokota kitambaa.

Madam alikuwa amekikata kwa mkasi ubavuni. Fundo lenyewe lilikuwa bado zima. Na lilikuwa fundo la kweli, limekazwa mara tatu, dogo na gumu kama punje ya mahindi.

Nikasimama hapo ngazini nikiligeuza geuza kwa furaha.

Serah alikuwa muuza sukuma wiki soko la Kitale kabla ya kuja kule. Muuza sukuma hufunga fundo la sikio moja, mteja akivuta mara moja, limefunguka. Kila mfuko wa taka niliobeba kutoka jikoni kwake tangu niingie nyumba ile ulikuwa na sikio moja. Hajui kufunga vingine. Mkono wake umezoea hivyo.

Hili la mara tatu nililijua pia. Mtaa mzima ulilijua.

Mama Kabiri hakuwa na desturi ya kumwacha mtu aondoke kwake mikono mitupu. Alikuwa amekata vilemba vya zamani vya marehemu mumewe vipande vipande, na ndani ya kila kipande alifunga tende saba au nane; vitambaa hivyo vilizagaa nyumba nzima, hata hakuna aliyevitazama tena. Ukimpeleka kliniki, unapewa kifurushi. Ukimletea maji, kifurushi. Aliyekuja kurekebisha kiyoyozi alipewa viwili. Na alivifunga kwa vidole vile vyembamba kwa nguvu ambayo sijui aliitoa wapi. Serah mwenyewe, akitakiwa kukifungua kimoja, alitumia uma.

Kwenye dashibodi ya gari nilikuwa navyo vitatu vya tangu Jumatatu, siku niliyompeleka kliniki. Sikuwa nimevifungua kwa sababu meno yangu nayapenda.

Nikamwita Gilbert kupitia tundu la geti. "Leta kisu."

"Kuna nini, Sherifu?"

"Kuna kesi."

Gilbert hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Nilimfungulia akaingia upande wa gereji akiwa na kisu cha kukatia matunda, na macho yanang'aa. Nikamweleza yote mbio mbio.

"Kwa hivyo unasema ni huyu shosho, Mama Kabiri?" akanong'ona.

"Sijasema ni mtu. Nalinganisha mafundo tu."

Tukaweka kitambaa cha ushahidi juu ya boneti. Tukaweka kifurushi cha kwanza kando yake. Fundo lile lile, mara tatu. Gilbert akakata ili tuone ndani, na zikamwagika tende.

"Uko sawa, buda," akasema huku anatafuna. "Kata hicho kingine."

Nikakata cha pili. Kitu kikalia kwenye boneti.

Tende hailii ikianguka juu ya bati. Tulitazama kile kilichokuwa kinazunguka pale kwenye boneti, kikapungua mwendo, kikalala. Bangili ya dhahabu, nene kama kidole gumba.

Gilbert aliacha kutafuna.

"Sherifu," akasema polepole, "umejikamata mwenyewe."

* * *

Hapa ndipo pa kukiri, na nitakiri bila kujipamba.

Bangili ya Mama Kabiri ilikuwa imelala kwenye gari ninaloendesha mimi, ambalo ufunguo wake ninao mimi. Madam alisema Serah anatoa na mimi napokea. Sasa kilichobaki ni mtu kutupiga picha.

"Irushe," Gilbert akasema. "Juu ya ukuta, iende huko kwa wenyewe. Hukuiona, sikuiona."

"Na Serah?"

"Kwa Serah wana ile moja tu. Kwako hawana kitu. Buda, fikiria maisha yako."

Niliyafikiria. Niliitia bangili ndani ya soksi, nikaivuta soksi juu, nikatembea hadi ukutani nikarudi. Kwa dakika kama tano nilikuwa tayari kumwacha mwanamke yule aende jela ili mimi niendelee kuosha gari. Sijivunii. Mtu anayesema hawezi kuwaza hivyo hajawahi kuwa na bangili ndani ya soksi.

Dirisha la jikoni lilikuwa na nondo, na Serah alikuwa amesimama nyuma yake.

"Alfayo," akaniita. "Hebu kuja."

Nikaenda, mguu mmoja mzito.

"Wewe unaamini nimeiba?"

"Hapana. Na najua kwamba hukuiba."

"Basi sikiza. Wakinipeleka, sanduku langu mpe Metrine wa nyumba ya pili, yeye anaenda mwezi wa nane. Juu kabisa kuna gauni la Ashley. Nimekisia saizi, sijui kama litamtosha. Mwambie dadangu wasilipunguze, walikunje tu pindo, atakua."

Alisema hayo bila kulia, na ndiyo yaliyonimaliza. Nilimwonea huruma, nikajionea aibu, nikamkumbuka Protus akivuta godoro lake ngazini pale Bani Malik, na watu wazima tunamtazama.

"Serah, jana au juzi ulitupa kifurushi cha tende?"

Akafikiria. "Jana nilisafisha friji. Kulikuwa na kimoja nyuma kabisa, nikajua ni cha zamani, zimeshaoza. Nikatupa vile vile na fundo lake. Nani ana nguvu ya kufungua mafundo ya Mama?"

Nikavua soksi hapo hapo.

* * *

Bosi alirudi kutoka msikitini akanikuta ninamsubiri getini peke yangu.

Sasa fikiria hali yangu. Kumwambia mwanamume yeyote kwamba mama yake mzazi ameficha dhahabu na anamponza mfanyakazi si maneno ya kutoka kwenye mdomo wa dereva. Kwa Kiarabu changu, tena, ambacho ni cha yalla na mafi na kuonyesha kwa mikono, ningeweza kujikuta nimesema mama yake ni jambazi.

Na kidole changu nilikuwa nimekiapia. Nikakitia mfukoni pamoja na vingine vyote vya mkono ule.

"Bosi," nikasema, "kabla ya polisi, nisaidie kufungua hiki."

Nikampa kifurushi cha tatu, kile ambacho hatujakikata.

Alinitazama kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani ashike. Lakini alikipokea. Akavuta huku, akavuta kule. Akajaribu kwa kucha. Akaweka fundo menoni. Na meno yakiwa bado yameshika kitambaa, nikaona uso wake unabadilika.

"Shuleni," akasema, na hakuwa anazungumza nami sana, "chakula changu kilikuwa kinafungwa hivi. Darasa la kwanza mpaka la sita. Mwalimu alikuwa anashindwa kukifungua. Nilirudi nyumbani na njaa, na Mama ananiuliza, mbona hukula?"

Akacheka kidogo. Halafu nikampa kile kitambaa cha Madam, chenye fundo zima, akaacha kucheka.

Aliyalinganisha mafundo mawili kwa muda mrefu.

"Na hii," nikasema, nikamwekea bangili kiganjani, "ilikuwa kwenye gari langu, ndani ya kifurushi nilichopewa Jumatatu. Hakuna aliyeniona nikiipata ila Gilbert. Ningeweza kukaa kimya."

"Kwa nini hukukaa kimya?"

Nilitafuta neno la Kiarabu nikalikosa. "Serah ana mtoto," nikasema.

Bosi alivua viatu akaingia ndani, na mimi nikamfuata hadi mlangoni mwa chumba cha Mama Kabiri, ambako sikuwahi kufika. Akamfungulia Serah jikoni akamwambia naye aje. Madam alikuja bila kuitwa.

Mama Kabiri alikuwa amekaa kwenye godoro lake, tasbihi mkononi. Bosi akapiga magoti, akambusu kipaji cha uso.

"Mama, dhahabu yako iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Na tende."

Alisema hivyo bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyeulizwa chumvi. Akaonyesha bati la biskuti chini ya kitanda. Ndani yake vilikuwemo vifurushi zaidi ya ishirini, na Bosi na Serah wakakaa sakafuni kuvifungua, mmoja kwa meno, mwingine kwa uma. Tende. Tende. Bangili. Tende. Bangili. Mpaka zikatimia sita, pamoja na yangu na ya takataka, nane.

Madam alifunika mdomo.

"Lakini kwa nini, Mama?" Bosi akauliza.

"Yule msichana wa kwanza, pete ilipopotea, alikatazwa kusafiri mpaka ilipopatikana," akasema. "Nikasema, dhahabu ikipotea, Serah hatasafiri. Ndege ya Ijumaa ikishaondoka, Jumamosi naipata."

"Wangempeleka polisi!"

Hapo ndipo bibi aliposhtuka. Hakuwa amelifikiria hilo kabisa, unaona kwenye macho. Alimgeukia Serah, akamshika mkono, akauweka shavuni kwake.

"Polisi kwa nini? Huyu ni wangu." Kisha akamtazama mwanawe kwa ukali. "Na miguu yangu atanipaka mafuta nani? Huyu?"

Huyu alikuwa Madam. Nilifurahi sana kwamba zamu hii si mimi.

Bosi alianza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta na kufuta macho, na Serah naye akacheka huku analia, na mimi mlangoni nikacheka kwa heshima. Madam hakusema samahani. Alikwenda jikoni akarudi na birika, akanimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, vijiko vitatu vya sukari. Niliihesabu kuwa samahani, nikainywa yote.

Kesi kubwa ya kaunti yangu ilikuwa imekwisha kabla ya alasiri, na hakuna aliyenyooshewa kidole. Nilijiona mrefu.

* * *

"Halas," Bosi akasema akiinuka. "Serah, tusamehe. Ijumaa Alfayo atakupeleka uwanja wa ndege. Nakuletea pasipoti yako sasa hivi, ukae nayo mwenyewe."

Akaenda kwenye droo yake. Tukasikia droo ikifunguliwa, ikifungwa, nyingine ikifunguliwa. Alirudi mikono mitupu.

Kisha, polepole, kama watu waliofundishwa, sote tukageuka kumtazama Mama Kabiri.

Mama Kabiri alikuwa anatazama dari.

"Mama," Bosi akasema. "Na hiyo nayo?"

"Na tende."

"Kifurushi kipi?"

"Cha Nura."

Bosi akakaa chini. Nura ni dada yake mkubwa, anayeishi Jeddah. Alikuja kumtembelea mama yao, na asubuhi hiyo hiyo ya Jumatano nilimpeleka mwenyewe uwanja wa ndege akiwa na mkoba mkubwa na mfuko wa vifurushi. Nilimbebea mimi mfuko huo. Sherifu mzima.

Bosi akapiga simu, akaweka sauti ya juu ili mama yake asikie. Nura alipokea kwa shangwe.

"Nimeiona!" akasema. "Nimekata kifurushi kwa kisu nikaona pasipoti ya Serah. Mungu amlipe Mama. Nimeshamwambia mume wangu."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba Mama amenipa Serah. Wa kwangu anaondoka Jumamosi, si nilimlalamikia Mama siku zote tatu nilipokuwa hapo? Mama amesikia shida yangu."

"Nura, Mama alikosea. Serah anakwenda kwao Ijumaa."

"Mama hakosei. Nani hufunga pasipoti ya mtu kwenye tende kwa bahati mbaya? Mtu hakupi pasipoti kama hakupi mwenyewe."

Na hapo, wasomaji wangu, Nura alikuwa anasema jambo ninalolijua. Kule, pasipoti ikitoka mkono mmoja kwenda mwingine, mwenye jina lake huifuata. Hivyo ndivyo nilivyotoka Jeddah mimi. Sikuulizwa.

Bosi alijaribu tena. Lakini Nura ndiye aliyemlea, na nilimwona mtu mzima yule, mwalimu, akizidi kuinama kila dada yake anavyozungumza. Sauti ikawa ndogo. Mwisho akakuna kichwa akasema:

"Basi labda mwezi mmoja tu, Nura. Mwezi mmoja, upate mtu mwingine, kisha..."

Serah aliinuka.

Alimfuata Bosi, akanyoosha mkono, akaichukua simu kutoka mkononi mwake. Hakuinyakua. Aliichukua tu, na Bosi, kwa mshangao, akaiachia.

Kisha akazungumza Kiarabu. Si hiki chetu cha madereva. Kilikuwa cha Mama Kabiri mwenyewe, cha kizamani, kizito, chenye maneno ambayo Madam mwenyewe alikunja uso kuyasikia. Miaka mitatu Serah alilala sakafuni kando ya kitanda kile akisikiliza, na hakuna aliyejua alichokuwa anakusanya. Mimi nilielewa nusu, nusu nyingine alinitafsiria baadaye.

"Nura," akasema. Hakusema Madam. "Ni mimi, Serah. Mimi si tende."

Akaishika simu kwa mikono miwili.

"Mama yako nampenda," akaendelea. "Miguu yake naijua kuliko unavyoijua wewe. Amefanya alivyofanya kwa sababu ananipenda, na mimi nimeshamsamehe. Lakini nina mtoto aliyenisubiri mpaka ameota meno mapya. Hakuna mtu anayeweza kunifunga kwenye kitambaa akanigawa. Ijumaa naenda nyumbani."

Madam alikuwa amesimama na birika hewani. Bosi alitazama zulia. Mama Kabiri peke yake alikuwa anatikisa kichwa kukubali, machozi yanamtiririka, na kwa kweli sikujua alikuwa anakubaliana na nani.

Nura alipojibu, sauti yake ilikuwa nyingine, taratibu na ngumu.

"Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo," akasema. "Basi njoo uniambie hayo mbele yangu. Pasipoti ninayo mkononi. Siitumi kwa posta, siitumi kwa ndugu yangu. Naitoa mkononi mwangu kuingia mkononi mwako, au siitoi kabisa."

Akakata.

Nje mwadhini alikuwa anaanza adhana ya alasiri. Ilikuwa Jumatano. Ndege ilikuwa iondoke Riyadh Ijumaa saa nane mchana, na kutoka Al-Naseem hadi Jeddah ni karibu kilomita elfu moja za jangwa, kwenda tu. Bosi hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nyuma yake Mama Kabiri alikuwa ameshavaa abaya na anatafuta viatu.

Serah akairudisha simu kwa mwenyewe. Akajifuta mikono kwenye aproni, akaifungua, akaikunja vizuri akaiweka juu ya kitanda, kisha akanigeukia pale mlangoni.

"Alfayo," akasema, "gari lina mafuta?"